Mashine ya zamani, rangi mpya: ninunue au niache?

*"Shikamoo fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, nipo Igombe, Mwanza. Nina boti ya mbao ya futi 28, tunaenda nayo visiwani kuchukua dagaa waliokauka, na mdogo wangu ndiye nahodha. Mashine tunakodi shilingi 25,000 kwa safari, mafuta juu yetu, safari 3 kwa wiki. Sasa kuna mtu Kirumba anauza Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 15, ile ya kuchanganya oili. Anasema ni ya mwaka 2003 au 2004, ilikuwa Dar es Salaam, akaileta huku mwaka juzi. Anataka milioni 2 na laki 8. Tulienda kuiona. Imepakwa rangi vizuri kabisa, ipo kwenye pipa la maji, akavuta kamba mara moja tu ikawaka. Mdogo wangu anasema tuichukue haraka kabla mwingine hajaiwahi, eti mashine za zamani ni ngumu kuliko za siku hizi. Mimi naogopa, maana hela inatoka kwenye kikoba na natakiwa kuirejesha kwa miezi 10. Mashine ya miaka 20 si imeshachoka? Na je, nikizidisha oili kidogo kwenye mchanganyiko, itadumu zaidi? Naomba ushauri."*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jibu lenyewe halafu ndiyo nieleze: usilipe bado. Sababu si hiyo miaka 20. Sababu ni kwamba yote mliyoonyeshwa Kirumba, yaani rangi, pipa na kamba ya mvuto mmoja, hayasemi chochote kuhusu hali ya mashine ndani. Inawezekana kabisa ni nzima na ikakuhudumia miaka mingi. Inawezekana pia imechoka, ikapambwa ili iuzike. Kuzitofautisha hizo mbili ni kazi ya asubuhi moja, na asubuhi hiyo ndiyo nataka uidai kabla hela ya kikoba haijatoka mkononi mwako.

Tuanze na umri, kwa kuwa ndio uliokutia hofu. Mashine ya boti inachakazwa na saa ilizofanya kazi, maji yaliyopita ndani yake na oili iliyolishwa. Mwaka iliotengenezwa unakuja nyuma ya hayo yote. Ninaweza kukuonyesha mashine ya miaka 3 iliyokuwa inabeba abiria kutwa kucha, imekwisha, na nyingine ya miaka 20 ambayo silinda zake bado zinang'aa. Mdogo wako naye ana ukweli wake. Enduro zilitengenezwa kwa ajili ya kazi kama hii yetu. Hazina mambo mengi ndani, fundi yeyote wa mwaloni, pale boti zinapotua, anaifungua kwa spana za kawaida, na vipuri vyake vinapatikana hapa Mwanza. Lakini mashine ngumu ina tabia moja ambayo mnunuzi anapaswa kuijua: inaendelea kuwaka hata ikiwa imechakaa sana. Ndiyo maana nyingi zinauzwa zikiwa bado zinawaka vizuri tu.

Ili uelewe nitakachokuomba ukague, elewa kwanza injini ya mapigo mawili inavyofanya kazi. Haina sehemu ya kuhifadhia oili kama gari. Petroli iliyochanganywa na oili inaingia kwanza chini, kwenye chumba cha krenki, na hapo ndipo beringi zinapopata oili yake. Kisha mchanganyiko unasukumwa juu kupitia matundu yaliyo ubavuni mwa silinda, unachomwa, na moshi unatoka kupitia tundu jingine. Hakuna valvu juu. Pistoni yenyewe, inapopanda na kushuka, ndiyo inayofungua na kufunga matundu hayo. Sasa angalia matokeo yake. Oili inayoilinda mashine ni ile inayopita wakati huohuo tu. Kabureta ikiziba kidogo, au mpira wa mafuta ukianza kuvuta hewa, mashine inakosa petroli na oili kwa pamoja, na joto linapanda. Hivyo ndivyo pistoni nyingi zinavyokwaruzika, na nahodha anabaki kushangaa kwa sababu "oili nilichanganya". Tena ringi za pistoni zinasugua kwenye kingo za matundu hayo kila mzunguko. Zinalika polepole, nguvu inapungua polepole, na mwenye mashine anazoea bila kugundua.

Hapo swali lako la oili linajijibu nusu. Kipimo cha Enduro iliyokwisha kuzoea kazi ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani dumu la lita 20 linataka mililita 400. Kuzidisha hakuongezi ulinzi. Oili inayozidi haiungui vizuri, inaacha masizi kwenye pistoni na kwenye njia ya moshi, ringi zinaganda kwenye mifereji yake, na plagi zinalowa katikati ya safari. Kuna la zaidi ambalo watu wengi hawalifikirii: oili ikizidi kwenye dumu, petroli katika kila tone imepungua, kwa hiyo mashine inachoma mchanganyiko mkavu na inapata joto zaidi. Unajaribu kuilinda, kumbe unaiumiza. Kilicho muhimu kuliko wingi ni aina. Nunua oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3 kwenye chupa. Oili ya mapigo mawili ya misumeno na pikipiki imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na upepo, na kwenye mashine ya majini inaacha majivu pale usipoyataka. Oili ya gari usiikaribishe kabisa. Na petroli nunua kituoni. Ile ya chupa za mwaloni, iliyochanganywa na mafuta ya taa au maji, imetoboa pistoni nyingi katika ziwa hili kuliko uzee.

Sasa turudi Kirumba. Mashine iliyowaka kwa mvuto mmoja mlipofika inanifanya niulize jambo moja: ilikuwa ya baridi? Mashine yoyote iliyopashwa moto nusu saa kabla ya mnunuzi kufika itawaka kwa mvuto mmoja, hata iliyochoka. Nendeni asubuhi na mapema, na mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe mpaka mfike. Mkifika, kabla ya salamu kuisha, mdogo wako aondoe kava la juu na aweke kiganja kwenye kichwa cha silinda. Ikiwa ya vuguvugu, mnajua mnazungumza na mtu wa aina gani. Ikiwa ya baridi, iwasheni kwa choki. Mivuto 2 hadi 5 ni ya kawaida na hainisumbui. Moshi wa bluu unaoelekea kuwa mweupe mwanzoni nao ni wa kawaida kwa mashine hizi. Wapo wanaoukimbia bure.

Kava likiwa wazi, tazameni rangi. Rangi mpya juu ya kava si kosa, mtu anaruhusiwa kupendezesha mali yake. Rangi iliyopulizwa ndani, juu ya boliti, nyaya na kabureta, hiyo inaficha kitu. Mashine hii imetoka pwani, kwa hiyo mimi ningetafuta chumvi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi na hayali aluminiamu kama maji ya bahari. Bahari huacha unga mweupe kwenye maungio, boliti za kichwa zinaganda kiasi kwamba ukilazimisha zinakatika, na njia za maji zinazozunguka silinda zinaota ukoko mpaka zinakuwa nyembamba. Mashine ya namna hiyo inaweza kutoa maji vizuri kwenye lile tundu dogo la nyuma na bado ikapata joto, kwa sababu lile tundu linakuonyesha tu kwamba pampu inasukuma maji. Halikuhakikishii kwamba maji yanafika kila mahali yanapotakiwa. Tafuteni pia matope makavu kwenye pembe zisizofikika na kutu chini ya flaiwili. Hizo ni dalili za mashine iliyowahi kuzama. Maji yakikaa kwenye beringi za krenki hata kwa siku chache, beringi zinaota vishimo, na hakuna rangi inayotibu hilo.

Kisha mfungue plagi zote mbili, moja baada ya nyingine, na muweke alama ipi ya juu na ipi ya chini. Zinatakiwa kufanana. Kahawia ya kufifia ni afya. Nyeusi iliyolowa ni mafuta au oili kuzidi, na mara nyingi inarekebishika. Nyeupe kabisa ni joto kupita kiasi, na yenye vipunje vya kung'aa kama chumvi ya fedha ni pistoni inayoyeyuka. Tone la maji kwenye plagi linamaanisha gasketi ya kichwa imepasuka au njia ya maji imetoboka.

Matundu ya plagi yakiwa wazi, pimeni kompresheni, yaani nguvu ya silinda kugandamiza hewa. Hapa ndipo palipo uamuzi wako wote, na geji yake mafundi wengi wanayo. Plagi zote mbili ziwe zimetolewa na kugusishwa kwenye chuma cha injini, mkono wa mafuta uzungushwe hadi mwisho, kamba ivutwe kwa nguvu mara 5 au 6 mpaka mshale usimame, kisha silinda ya pili vilevile. Namba mbili hizo zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10. Tofauti ni muhimu kuliko namba yenyewe: silinda moja ikisoma PSI (kipimo cha mgandamizo) 105 na nyingine 80, kuna ringi iliyoganda, silinda iliyokwaruzika au gasketi iliyochoka, na unakaribia kufungua injini.

Kuhusu namba yenyewe nina la kuongeza, maana hili limewakosesha watu mashine nzuri. Ziwa Victoria lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar. Mashine iliyosoma PSI 120 ikiwa Dar itasoma kama 105 hapa Mwanza bila kuharibika chochote. Kwa hiyo mtu akikutajia namba za kitabuni au za fundi wa pwani, usishtuke ukiona pungufu kidogo. Mimi kwa mashine ndogo kama hii nikiona silinda zote mbili ziko 95 kwenda juu huku kwetu, na zinalingana, nafurahi. Zikiwa chini ya 80, ninahesabu bei ya kufungua na kuchonga silinda. Hewa hiyohiyo nyepesi inapunguza nguvu kwa takribani asilimia 1 kwa kila mita 100, ndiyo kusema 15 yako huku inasukuma kama 13 na kidogo. Mpya ya dukani nayo ni hivyohivyo.

Muulize muuzaji kama silinda zimewahi kuchongwa. Pistoni kubwa kuliko za kiwandani zinatengenezwa kwa hatua mbili, ya milimita 0.25 na ya 0.50. Ikiwa tayari imefika 0.50, matengenezo makubwa yanayofuata ni kubadilisha bloku nzima ya silinda au kuweka slivu mpya (ganda la chuma) ndani yake, na hiyo ni hela nyingine kabisa. Akisema hajui, mwanga wa tochi kupitia tundu la plagi unaonyesha angalau mikwaruzo ya wima kama ipo, na wakati mwingine namba iliyopigwa juu ya pistoni.

Chini kwenye gia boksi ndipo wanunuzi wengi hawaangalii, na ndipo ziwa letu linapoua mashine. Uzi wa nyavu, hasa wa timba (nyavu za uzi mmoja wa plastiki), unajizungusha nyuma ya pangaboi, unakata sili ya shafti, na maji yanaingia kwenye oili ya gia. Ombeni mashine ilale imesimama wima usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kuiwasha, legezeni skrubu ya chini ya gia boksi kidogo tu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo yatatangulia kudondoka. Oili iliyogeuka kama maziwa inasema hadithi hiyohiyo. Ikitoka oili safi inayong'aa, usifurahi mapema: huenda imebadilishwa jana. Ifungeni, nendeni nayo majini, mkirudi muifungue tena. Vumbi laini la chuma kwenye skrubu ni la kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia. Ondoeni na pangaboi lenyewe mtazame kama kuna uzi nyuma yake.

Nimesema majini kwa makusudi. Kupima mashine kwenye pipa ni kama kumpima kuli akiwa amekaa. Pipa linakuonyesha kwamba inawaka, inatulia na inatoa maji, basi. Ni lazima ifungwe kwenye boti yako, na boti iwe na mzigo au watu wa kutosha, mzunguke dakika 15 hadi 20 huku mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa hadi mwisho sehemu kubwa ya muda huo. Mashine yenye silinda zilizochoka huanza vizuri, halafu ikipata moto inapoteza nguvu taratibu. Ikiruka gia unapoongeza mafuta, meno ya kushikilia gia yamelika. Ikiwa injini inapiga kelele za kasi lakini boti haiongezi mwendo, usikubali moja kwa moja kwamba gia boksi imekufa. Ndani ya pangaboi kuna mpira unaounganisha kitovu na mabawa, na mpira huo ukiteleza dalili ni hizohizo. Chora mstari wa chaki kuanzia kwenye kitovu hadi kwenye ubawa kabla ya kutoka. Mkirudi na mstari umeachana, tatizo ni pangaboi tu, na umepata sababu halali ya kupunguziwa bei. Mkiwa huko majini guseni maji yanayotoka kwenye tundu la nyuma. Yawe ya vuguvugu. Yakichoma mkono au yakitoka kama mvuke, zimeni hapohapo. Jaribuni na swichi ya kuzimia, ile yenye kamba ya mkononi, maana hiyo ndiyo itakayosimamisha boti mdogo wako akidondoka.

Pimeni pia urefu wa mguu. Mguu mfupi ni wa sehemu ya kufungia yenye kimo cha milimita 381, mrefu ni wa 508. Ile sahani iliyo juu ya pangaboi inatakiwa kuwa sambamba na chini ya boti au chini yake kidogo. Mguu mfupi kwenye boti yenye sehemu ya kufungia iliyo juu utavuta hewa kila wimbi likiinuka.

Kuhusu nguvu, boti ya mbao ya futi 28 iliyojaa magunia haivuki sana kilomita 12 kwa saa, uifunge mashine ya namna gani ya saizi hiyo. Umbo lake linasukuma maji, halipandi juu yake. Kwa hiyo 15 inakutosha, na mdogo wako akishafika mwendo huo arudishe mkono wa mafuta. Mashine ya mapigo mawili ya 15 ikifunguliwa yote inakunywa lita 6 hadi 8 kwa saa, na sehemu ya petroli hiyo, karibu robo, inatoka na moshi bila kuungua, kwa sababu tundu la kuingiza na la kutoa yanakuwa wazi kwa pamoja kwa muda mfupi. Ni udhaifu wa aina hii ya injini, uwe nayo mpya au kuukuu. Mashine za mapigo manne zinakula mafuta pungufu kuliko hizi na hazihitaji kuchanganya, ila ni nzito, bei yake ni kubwa, na si kila fundi wa visiwani anaziweza. Kwa kazi yako na mafundi unaowazunguka, kuanza na mapigo mawili si uamuzi mbaya.

Tuje kwenye hela, maana hapo ndipo nina wasiwasi kuliko kwenye mashine. Safari 3 kwa wiki ni 12 kwa mwezi, kwa hiyo unadhani unaokoa 300,000 ya kukodi. Lakini wewe unajua kuliko mimi kwamba dagaa ni wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, na mzigo visiwani unapungua. Hesabu safari 9 za uhakika, yaani 225,000. Marejesho ya milioni 2.8 kwa miezi 10 ni 280,000 kila mwezi kabla ya riba ya kikoba. Ina maana mashine haitajilipa yenyewe kwa muda uliopewa. Tofauti itatoka kwenye faida ya dagaa. Na kwa mashine ya umri huu mimi naweka pembeni angalau robo ya bei kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Kwako hiyo ni laki 7. Je, kikoba kikikupa milioni 2.8 zote zikaenda kwa muuzaji, siku gia boksi ikigoma utatoa wapi? Usipokuwa na jibu la swali hilo, endelea kukodi kwanza hata kama mashine ni nzuri.

Ulizeni pia ofisi ya maendeleo ya jamii Manispaa ya Ilemela kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Kikundi chenu kikisajiliwa na kupata mkopo huo, masharti yake yatakuwa mepesi kuliko ya sasa, na pengine mtafikia mashine mpya.

Kuna jambo ambalo ni sharti, hata kompresheni iwe nzuri namna gani. Mashine za boti zinaibwa sana katika ziwa hili. Namba ya mashine ipo kwenye kibao kilichobandikwa kwenye kifungio, na mashine nyingine zina namba pia kwenye injini yenyewe. Namba hizo ziwepo, zilingane, zisiwe zimesuguliwa wala kufunikwa na rangi. Omba risiti au hati ya mauzo ya awali. Mkikubaliana, andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na namba iandikwe ndani ya hati, na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi) ya mwalo wako waijue. Kibao kikiwa hakipo, ondoka. Kununua mali ya wizi kunaweza kukupeleka mahakamani, na mashine utanyang'anywa bila kurudishiwa hela.

Mimi kwa maandishi siwezi kuisikia mashine, kwa hiyo kwa kipimo cha kompresheni na safari ya majini mchukue fundi wa mashine za boti umlipe wewe, asiwe rafiki wa muuzaji na asiwe amewahi kuitengeneza hiyo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na milioni 2.8. Mwambie akupe namba za geji zimeandikwa, siyo "iko poa tu". Silinda zikilingana, gia boksi ikiwa haina maji, na ikamaliza dakika 20 za majini bila kuchoka, lipa, lakini si bei aliyotaja: toa gharama ya impela (feni ya mpira ya pampu ya maji), oili ya gia, plagi, mpira wa mafuta na pangaboi kama limeteleza, maana vyote hivyo utavibadilisha siku ya kwanza bila kuuliza hali yake. Silinda zikitofautiana sana au kukiwa na maji kwenye gia, pata kwanza bei ya vipuri kutoka maduka mawili, kisha mwambie muuzaji namba hizo waziwazi. Muuzaji mkweli atazungumza nawe. Akikataa mashine isitoke kwenye pipa, muage kwa heshima.

Ukishaichukua, mwambie mdogo wako hivi. Asiiwashe nje ya maji hata kwa sekunde chache kujaribu, impela ya mpira inaungua haraka ikikosa maji. Maji yakikoma kutoka nyuma kwa sababu ya magugu, azime, ainue mguu, asafishe, ndipo awashe. Wakati wa mwezi mpevu mashine inapokaa, achomoe mpira wa mafuta na kuiacha iendelee kuwaka mpaka izime yenyewe, kabureta isigandiwe na petroli iliyolala. Na kasia mbili na majaketi okozi ya watu wote vikae ndani ya boti kila safari, hata siku ambayo ziwa limelala kabisa.